Je, Wajua? Kiharusi Kimepita, Mbona Mkono Unawaka?

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuruhusiwa kutoka hospitalini, akaanza kushika kikombe na kutembea kwa mkongojo, kisha wiki au miezi kadhaa baadaye upande uleule uliopooza ukaanza kuwaka moto usiku kucha, ilhali ngozi haina lengelenge wala jeraha? Maumivu hayo hayatoki mkononi. Yanatoka ubongoni.

Je, wajua kwamba madaktari wameyafahamu tangu 1906? Mwaka huo, huko Ufaransa, Joseph Jules Dejerine na Gustave Roussy walieleza habari za wagonjwa ambao kiharusi kilikuwa kimeharibu thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo inayopokea taarifa za mguso, joto, baridi na maumivu kabla hazijafika kwingine. Ikiumia, mguso wa kawaida unaweza kusomeka kama moto. Siku hizi inajulikana kwamba jeraha popote kwenye njia hiyo ya hisia linaweza kuleta mateso hayohayo. Kati ya watu 100 waliopata kiharusi, takriban 8 hupatwa nayo.

Je, wajua kwamba baridi huyachochea? Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na asubuhi za Juni na Julai hapa si za mchezo. Mama wa mtaa wa Tuwan anayekataa kuoshwa kwa maji baridi, au mzee anayelia shati likigusa bega, hadeki. Shuka tu inaweza kumuuma. Ningeomba wanaomuuguza waanzie hapo, kwa kumwamini, kwa sababu anayeambiwa kila siku kwamba anajifanya huacha kusema, na asiposema hakuna daktari atakayemwandikia dawa.

Mkono huohuo unaoungua bila moto unaweza pia kukosa kuhisi moto wa kweli. Ndiyo maana watu huungua wakiota jiko la makaa. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, au na mtu mwingine.

Je, wajua kwamba dawa za maumivu tulizozizoea huwa hazifui dafu mbele ya maumivu ya aina hii? Parasetamoli haigusi kitu. Diklofenaki ni mbaya zaidi, na hapa natamani kila mwenye kemisti kuanzia Tuwan hadi Chwele anisikie. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza kwamba isipewe mtu aliyewahi kupata kiharusi, kwa kuwa inaongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Tena, diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, hupandisha presha na kudhoofisha baadhi ya dawa za kuishusha. Mgonjwa anachomwa sindano ya mgongo au goti, anapata nafuu ya siku mbili, na hatari ya kiharusi cha pili inasogea karibu. Anayenunua dawa amwambie mwenye duka, kabla ya kutaja kinachomuuma, kwamba aliwahi kupata kiharusi.

Basi kuna nini? Kuna amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Sweden, Leijon na Boivie, waliwapa wagonjwa 15 vidonge vitatu kwa zamu: amitriptilini, kabamazepini ya kifafa, na kidonge kisicho na dawa yoyote. Amitriptilini ilipunguza maumivu kuliko kidonge kitupu. Kabamazepini haikufika huko. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, lakini hadi leo dawa hii ni miongoni mwa zinazoanza kujaribiwa, na bei yake haitishi. Huanzwa kwa kipimo kidogo usiku, ikapandishwa polepole, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Wengi huiacha siku ya nne wakidhani imeshindwa. Hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo, na haifai kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo wala mzee anayepata shida ya kukojoa, kwa hiyo iandikwe na daktari au afisa wa kliniki. Mara nyingi hupunguza maumivu bila kuyamaliza. Lakini yakishuka kutoka yale ya kulia hadi yale ya kuvumilia, mtu hulala, na aliyelala ana nguvu ya kufanya mazoezi kesho yake.

Lamotrijini, nayo ya kifafa, ilisaidia kiasi katika jaribio la Denmark la 2001. Pregabalini, iliyo ghali kuliko amitriptilini, ilijaribiwa kwa watu 219 na matokeo yakatolewa 2011: kwa kipimo kikuu cha maumivu haikushinda kidonge kitupu.

Je, wajua kwamba bega huuma kwa sababu nyingine kabisa? Mfupa wa mkono hukaa kwenye tundu la bega kwa kushikiliwa na misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono unauvuta chini, na kila anayemnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kwapa anazidi kuuchomoa. Tunafanya hivyo kwa upendo, tukimtoa kitandani, tukimpandisha bodaboda, tukimshusha matatu pale stendi. Shika kiuno, au mfunge mkanda mpana kiunoni ushike huo. Akiketi, mkono ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Leso ya kuufunga shingoni inafaa akitembea tu; akikaa nayo kutwa, kiwiko na bega hukakamaa katika hali hiyo.

Na ile kamba ya kapi inayofungwa juu ya mlango ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa? Ondoa. Katika utafiti mdogo wa wagonjwa 28 uliochapishwa 1990, waliotumia kapi walipata maumivu ya bega kwa asilimia 62. Walionyooshwa viungo na mtaalamu, asilimia 8. Kukandwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Kulazimisha mkono upande juu ya kichwa huku mgonjwa akipiga kelele kuna ubaya mkubwa, hata kama mkandaji ni maarufu kijiji kizima.

Mkono uliojikunja ngumi nao una siri yake. Ukikaza ghafla kuliko jana, tafuta kinachomsumbua kwingine: mkojo wenye maambukizi, choo kilichofunga, kidonda cha kulalia, hata ukucha ulioingia nyamani. Mwili usioweza kulalamika hulalamika kwa kukaza. Vidole vifunguliwe taratibu kila siku, vioshwe na kukaushwa katikati, kucha zikatwe. Dawa ya baklofeni hulegeza, ila huleta usingizi na haiachwi ghafla. Sindano ya botulini hulegeza msuli kwa miezi mitatu hivi, kisha inabidi irudiwe, na kwa familia nyingi bei yake ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Je, wajua kwamba tuna takwimu za kiharusi za hapahapa Afrika Mashariki? Watafiti walihesabu wagonjwa wapya wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam 316. Wengi hapo awali walidhani ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Utafiti mwingine wa maeneo hayohayo, wa 2008, uliwauliza watu chanzo ni nini. Jijini Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi. Kijijini Hai walitaja zaidi sababu za kawaida za mwili. Tuliozoea kudhani kwamba mji ndio unaoelewa na kijiji ndicho kinachoogopa, tuyatazame majibu hayo tena. Yanaeleza pia njia anayopita mgonjwa: anayeamini ametupiwa kitu huanzia kwa mganga, na saa zinapita.

Kuhusu saa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima picha ya ubongo ipigwe kwanza ili kuhakikisha si damu iliyovuja. Wengi wa Trans Nzoia na Bungoma hawaufikii muda huo. Kwa hiyo mzigo wetu mkubwa uko baada ya hapo, kwenye miaka ya kuishi na upande mmoja.

Je, wajua kwamba kumwinua mgonjwa mapema mno kunaweza kumdhuru? Watafiti walifuatilia wagonjwa 2,104 katika nchi 5, Australia ikiwemo. Walioanza kusimamishwa na kutembezwa mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza walikuwa na matokeo mabaya kidogo baada ya miezi 3 kuliko waliokwenda kwa kawaida. Hayo yalitolewa 2015. Baada ya siku hiyo ya kwanza, mazoezi mafupi yaanze. Wiki nzima ya kulazwa chali nayo ni kosa.

Je, wajua kwamba mashine ya mamilioni haikuwashinda wataalamu wa viungo waliokwenda nyumbani kwa wagonjwa? Marekani, watu 408 waligawanywa: wengine walitembezwa juu ya mkanda wa mashine huku wameshikiliwa kwa mishipi, wengine walifanyishwa nyumbani mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Mwaka mmoja baadaye hapakuwa na tofauti katika kutembea. Matokeo yalichapishwa 2011. Kuinuka kutoka kwenye kiti mara kumi bila kushika, kupiga hatua pembeni ukiwa umeshika meza, kupanda kizingiti na kushuka: haya yanafanyika katika chumba kimoja cha Tuwan, chenye kitanda, kochi na jiko la stima, alimradi mtu wa fizio ameonyesha namna na anarudi mara kwa mara kukagua.

Hilo la kukaguliwa ni muhimu. Je, wajua kwamba huko India walijaribu kuwaachia jamaa kazi hiyo? Wagonjwa 1,250 katika vituo 14 walihusika. Nusu yao jamaa zao walifundishwa mazoezi kabla ya kutoka hospitalini, wakaendelea nayo nyumbani. Baada ya miezi 6, idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi haikupungua. Jarida la Lancet lilitoa habari hiyo 2017. Inaniuma, kwa sababu ndiyo njia ambayo kaunti zetu zingependa iwe imefaulu, inaokoa pesa. Familia ni ya lazima, lakini haiwezi kuwa badala ya mtaalamu. Kaunti inayojenga wodi bila kuajiri watu wa fizio wa kutosha imejenga nusu ya hospitali.

Je, wajua kwamba si kweli kwamba mwaka ukipita basi? Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kasi, ndiyo. Lakini katika hospitali ya Queen Square, London, watu 224, nusu yao wakiwa wameshapitisha mwaka mmoja na nusu tangu kiharusi, walifanyishwa mazoezi ya mkono saa 90 kwa wiki tatu. Mikono yao iliimarika, na miezi 6 baadaye faida ilikuwepo bado. Matokeo ni ya 2019. Aliyeambiwa mwaka juzi kwamba mkono umekufa ana haki ya kuuliza tena.

Kioo cha shilingi mia chache kinasaidia. Kisimamishe mezani katikati ya mikono miwili, mgonjwa atazame sura ya mkono mzima ukifungua na kufunga vidole, mahali ambapo macho yanategemea kuona ule mwingine. Jarida la Lancet lilieleza jaribio la kwanza la njia hii kwa wagonjwa wa kiharusi mwaka 1999, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba inaongeza uwezo wa mkono na kwa baadhi ya watu hupunguza maumivu.

Je, wajua kwamba asiyeweza kusema "naomba maji" anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani? Maneno ya mazungumzo kwa wengi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, lakini wimbo uliozoeleka hupita njia nyingi. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani walitengeneza tiba ya kuanzia kwenye melodia hadi kwenye usemi. Na mtu wa huku, aliyelelewa kwa Kibukusu, akafanya biashara kwa Kiswahili na kusoma kwa Kiingereza? Mfaransa Pitres aliandika mwaka 1895 kwamba mara nyingi lugha iliyotumika zaidi ndiyo hurudi kwanza. Wengine kabla yake walisema ni ile ya utotoni. Wagonjwa hawajafuata kanuni moja. Zungumza naye kwa zote, jaribu zote, na usimwulize maswali kama mtoto. Na kwa kuwa hawezi kutaja maumivu, tazama uso anapogeuzwa, anapovalishwa, anapooshwa.

Hapa nataka kukaa kidogo. Je, wajua kwamba kuna sindano ya etanesepti, dawa ya baridi yabisi, inayodungwa shingoni na kuuzwa nje kwa maelfu ya dola kwa ahadi ya kuondoa maumivu na ulemavu wa kiharusi cha miaka mingi? Video za watu wakiinua mikono dakika chache baada ya sindano zimezunguka dunia nzima, na zinafika kwenye simu za hapa. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuipendekeza. Kisha Australia na New Zealand wakafanya lililopaswa kufanywa: wagonjwa 126, wengine sindano yenye dawa, wengine isiyo na dawa, bila wao wala madaktari kujua nani kapata ipi. Matokeo yaliyochapishwa 2025: zaidi ya nusu ya kila kundi walisema maisha yao yamekuwa afadhali, na waliopata dawa hawakuwazidi wenzao. Wale watu wa video hawakudanganya. Walijisikia afadhali. Ila dawa siyo iliyofanya hivyo.

Najua familia ambazo zingeuza ng'ombe kwa video moja kama hiyo, zikakodisha shamba la mahindi Saboti au la miwa Bungoma, zikafungua kundi la mchango kwenye simu. Upendo huo siulaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba pesa hizo zingelipa nauli ya fizio mara mbili kwa wiki, amitriptilini na dawa za presha kwa miaka, godoro zuri, na mtu wa kumpumzisha mlezi.

Mambo ya haraka. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, humwokoa mgonjwa na safari ya usiku hadi choo cha ploti. Anayelala kutwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Anayekohoa akinywa uji asipewe zaidi hadi apimwe namna anavyomeza. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Kuhusu viti vya magurudumu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2008 kwa nchi kama yetu: kiti kimfae mtu na njia anazopita. Vijia vya Tuwan wakati wa mvua havipitiki kwa kiti cha korido za hospitali. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viti humu nchini.

Je, wajua kwamba sonona huwapata takriban thuluthi moja ya waliopata kiharusi, na huzidisha maumivu? Inatibika. Mzee aliyeacha kula na kutazama ukuta asisemwe kwamba amekata tamaa tu.

Je, wajua kwamba uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa? Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha. Muulize wako aje kupima, na apime wote nyumbani. Dawa ya presha ndiyo kinga kuu ya kiharusi cha pili, na haiachwi kwa sababu "imeshuka". Imeshuka kwa sababu inamezwa.

Usajili wa bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ufanywe kabla ya dharura. Na ulemavu wa kiharusi unasajiliwa: mgonjwa hupimwa na jopo la hospitali, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humpa kadi. Mwenye ajira anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa kipato cha hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa ulemavu mkali usiojiweza, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizochaguliwa. Ni kidogo, lakini ni nauli. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Wengi hapa hawaombi kwa sababu wanadhani kadi ni ya aliyezaliwa na ulemavu.

Kliniki zipo Kitale, ikiwemo hospitali ya rufaa inayobeba jina la Wamalwa Kijana, aliyekuwa mbunge wa Saboti, eneo ambalo Tuwan imo. Ipo hospitali ya rufaa ya Bungoma. Na ikishindikana kuna hospitali ya Moi, Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale, iliyoanza 1917 ikiwa na vitanda 60. Ukienda, taja maumivu kwanza. Sema yanawaka, yanachoma, au yanavuta, sema yalianza lini, onyesha mahali. Daktari akiambiwa tu "ni upande ule wa kiharusi", ataandika ya presha na kukuaga.

Je, wajua, mwisho, kwamba mgongo wa mlezi nao huvunjika? Mara nyingi ni binti, mke au mkaza mwana, na hakuna aliyemwuliza. Asimnyanyue mgonjwa kwa nguvu za mikono. Kiti kisogezwe upande wake mzima, miguu yake ikanyage chini sawasawa, ainame mbele hadi pua ipite magoti, wahesabu pamoja hadi tatu, na mgonjwa asukume kwa mguu mzima huku mlezi, magoti yake yakiwa yamekunjwa, ameshika ule mkanda wa kiunoni.